Kiatu Kimoja Gatini

Nyinyi mnaosoma mmekaa, kaeni vizuri, maana huyu tunayemfuata hajapata kukaa. Jina lake Mzee Ngwali, na kazi yake, kama kutembea ni kazi, ilikuwa kutembea. Shule aliisoma kwa vipande: muhula huku, wiki kule, somo jingine akiwa amesimama nje ya dirisha la darasa ambalo hakuandikishwa. Alijua kusoma, alijua kujumlisha, na alijua kwamba mtu akikuchekea kabla hujamtajia jina lako, hapo kuna jambo.

Palikuwa na maji, na kandokando ya maji yale palikuwa na miji mitatu. Wa kwanza ulikuwa asubuhi. Si kwamba ulipendeza asubuhi, wala si kwamba watu wake walikuwa waamkaji wa mapema. Ulikuwa asubuhi yenyewe, siku zote, jua limeegemea mapaa ya nyumba kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Wa pili ulikuwa mchana. Wa tatu, ng'ambo kabisa, ulikuwa jioni. Mji na mji ulitenganishwa na kipande cha maji tu, cha kuvuka kwa pantoni huku unatafuna karanga. Lakini mtu wa asubuhi ukimtajia jioni alikutazama kama anayemtazama mlevi, na mtu wa mchana alikuwa na hakika kwamba jirani zake wa upande huu wamechelewa, na wa upande ule wamepitiliza, na kwamba siku ya kweli ni yake yeye peke yake. Kila mji ulijiita Huku. Majirani wote uliwaita Kule. Na aliyeko Huku ndiye mwenye amri ya kusema nani yuko Kule. Mzee Ngwali aliliona hilo mapema, wala halikumfurahisha, kwa sababu yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa Kule.

Alichokuwa anakitafuta ni jibu. Njiani, miaka mingi, alikuwa amebeba swali ambalo hakuna mwalimu wa dirishani aliyewahi kuliandika ubaoni: je, siku ndiyo inayopita na sisi tumesimama, au siku imesimama na sisi ndio tunaopita? Alikuwa ameambiwa kwamba mgeni akiizuru miji yote mitatu kwa safari moja bila kulala, basi akikanyaga gati la jioni atajua. Atajua tu, kama unavyojua kwamba maji ni ya moto. Naye alilitaka jibu lile kuliko alivyotaka chakula. Magoti yalikuwa yameanza kumwuma hata kwenye tambarare, na kabla hayajamgomea kabisa alitaka kujua amlaumu nani.

Sasa kulikuwa na ada moja. Kila gati la miji ile lilikuwa na jiwe pana, refu, na yeyote aliyelivuka, mgeni anayeingia au mwenyeji anayetoka, aliacha kiatu kimoja juu ya jiwe. Ukirudi unachukua kiatu chako. Usiporudi, kinabaki. Basi jiwe la gati la asubuhi lilikuwa limejaa viatu vya mguu mmoja mmoja: ndala zilizopauka, buti la askari, kiatu cha kitoto chenye kifungo cha chuma, vyote vimeelekezwa majini kama vinasubiri kuitwa.

Mzee Ngwali alivua katambuga yake moja ya tairi, ile ya kushoto, akaiacha. Akaingia mjini kwa mguu mmoja wa mpira na mmoja wa nyama.

Kwa nini kiatu? Kwa nini si kofia? Kofia mtu anaweza kuiacha akaenda zake. Kiatu utakirudia. Aliyebuni ada hii hakuwa mjinga. Aliyebuni ada hii aliwahi kuachwa. Au aliwahi kufuga kuku.

Akautembea mji wa asubuhi wote. Kila mlango alikaribishwa. Walimpa chai, wakampa vitumbua vya moto, wakamwonyesha kisima, soko la samaki, ukuta wa kuzuia maji. Wote walikuwa wachangamfu, na uchangamfu wao ukawa unamkwaruza. Fundi cherehani alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na alipopita tena fundi alikuwa bado anautunga. Mwashi mmoja alikuwa ameweka jiwe la kwanza la msingi, anaimba.

"Fundi," Mzee Ngwali akamwuliza, "nyumba hii utaimaliza lini?"

"Kumaliza?" Mwashi akacheka mpaka akaegemea koleo. "Baba, ndo kwanza kumekucha!"

Hakupenda jibu lile. Akageuka, akarudi gatini kwa haraka ya mtu ambaye hakimbii ila hataki kufikiwa. Katambuga yake ilikuwepo. Lakini ilikuwa imeoshwa. Imesuguliwa kwa brashi mpaka kwenye mikato ya tairi, haina hata punje ya vumbi.

"Nani kaiosha?" akauliza.

"Tunawaoshea wageni," wakamwambia, wakitabasamu. "Karibu tena."

Akaivaa, akapiga hatua, na papo hapo akataka kukumbuka kijiji alicholala jana yake. Hakukumbuka. Palipokuwa na kijiji kichwani mwake palikuwa peupe, kama sahani iliyolambwa. Alimkumbuka mbwa. Mbwa wa nani, hakujua.

Wanaanza na vumbi, akajiambia. Vumbi ndilo shahidi wangu. Mtu ambaye hana vumbi, nani atabisha akiambiwa hakutoka popote? Watanivua siku zangu moja moja, kwa adabu, kwa brashi, huku wananipa chai.

Pantoni iliendeshwa na mtu mmoja aitwaye Shaame, mwenye kifua kipana na tabia ya kupiga mluzi usio na wimbo. Mzee Ngwali alikaa kwenye benchi la nyuma, mgongo ukutani, kama alivyokaa siku zote. Ndipo akaona, chini ya benchi, kubadhi moja la ngozi, la mguu wa kulia, limeshonwa kwa uzi mwekundu. Halikuwa na mwenyewe. Akalitazama kubadhi, akamtazama Shaame. Shaame alikuwa anatazama maji.

Wazo likamjia taratibu, likakaa. Gatini mwa mchana ataacha kiatu hiki, kisicho chake. Wakioshe watakavyo. Wasugue kumbukumbu za mtu mwingine. Akavua katambuga ya kulia, akaizamisha ndani ya mfuko wake wa begani, chini ya shati, akalichukua kubadhi mkononi.

"Babu," Shaame akasema bila kugeuka, "mchana kuna joto. Angalia unapokanyaga."

"Kwa nini waniambia hivyo?"

"Mguu wako mmoja uko wazi."

Akaendelea na mluzi wake. Mzee Ngwali akabaki anajiuliza mtu asiye na macho kisogoni ameuonaje mguu.

Mchana uliwapokea kwa kishindo. Katikati ya maji jua lilipanda ghafla kama kifuniko kilichoinuliwa, likasimama utosini. Hakuna kitu kilichokuwa na kivuli. Nguzo zilisimama kama zimechorwa, watu walisimama kama wamekatwa na kubandikwa. Mlinzi wa jiwe la gati alikuwa mwanamke mpana, Bi Mwatime, mwenye sauti ya mtu wa mnada.

"Karibu, mgeni. Kiatu."

Akampa kubadhi. Bi Mwatime akaanza kuliweka, akasita. Akaligeuza. Akaugusa ule uzi mwekundu kwa kidole gumba. Kisha akaenda mpaka mwisho wa jiwe, kwenye viatu vilivyokakamaa kwa jua, akarudi na kubadhi la kushoto, uzi mwekundu, ngozi ile ile. Akayaweka pamoja. Yalikuwa pea.

"Jamani!" akapiga ukelele. "Makame karudi! Kazija! We Kazija! Mume wako huyu hapa!"

"Mimi si Makame, mama."

"Ala! Na kiatu hiki cha nani?"

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Mzee Ngwali akaona jinsi mlango ulivyojifunga nyuma yake bila kelele. Akisema ni chake, yeye ni Makame.

"Maana," Bi Mwatime akaongeza, akiwa bado anacheka, "anayeacha gatini kiatu kisicho chake ni mwizi, shemeji, na mwizi tunamrusha kwenye pantoni hata haijafunga kamba. Unajua mwenyewe."

"Ni changu," akasema Mzee Ngwali.

"Basi vaa."

"Miguu imevimba. Niachie hapo hapo."

Wakamsindikiza mjini kama bwana harusi. Mkaanga samaki aliyekuwa kando ya njia akainua mwiko. "Makame! Wewe umeondoka nikiwa namgeuza samaki huyu huyu, unarudi na kichwa kizima cha mvi?"

"Kule hewa yake mbaya," mwingine akaeleza.

"Na pua imekua!"

"Pua alikuwa nayo. Wewe humkumbuki tu."

Hilo ndilo lililomtisha. Hakuna aliyesema hafanani. Walipomtazama usoni na kuona hakuna Makame, waliirekebisha sura ya Makame ndani ya vichwa vyao, wakaendelea na furaha yao. Mtu ni nini basi? akajiuliza. Mtu ni kile kilichoachwa juu ya jiwe, na sisi tuliobaki tunatembea tu kukitafuta. Mimi nilidhani nimebeba jina langu miaka yote hii. Kumbe nilikuwa nalo kwa sababu hakuna aliyelihitaji. Wakilihitaji, watanipa jingine, nami nitaitika, kwa kuogopa kuitwa mwizi. Nimeitwa mabaya kuliko mwizi. Mbona leo niliogopa?

Kazija alikuwa mlangoni. Mwanamke wa makamo, mikono imejaa unga. Alimtazama Mzee Ngwali kwa kitambo, akapaza sauti: "Karibu nyumbani, mume wangu! Umechelewa, wewe!" Akamwingiza, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Wewe ni nani, mzee wangu?"

"Mpita njia."

"Kiatu umekipata wapi?"

"Chini ya benchi la pantoni."

Akaitika kwa kichwa, kama aliyetajiwa bei ya sukari anayoijua.

"Hukushangaa," Mzee Ngwali akasema.

"Ningeshangaa angekuja yeye." Akamsogezea kigoda. Mzee Ngwali hakukaa. Jikoni kulikuwa na moto, na juu ya moto chungu, na ndani ya chungu maji yaliyotulia kabisa. "Hapa tuna ada," Kazija akasema. "Nyumba moja, mmoja ndani, mmoja nje. Akitoka huyu, yule anabaki na moto. Makame alisema anakwenda Kule, kwenye jioni, kutembea tu, atarudi kabla chungu hakijachemka. Basi chungu ndo hicho."

"Hakijachemka?"

"Katika mji huu kitachemka lini?"

Mzee Ngwali akakitazama chungu. Akatazama nje dirishani. Mbali, ng'ambo ya maji, mji wa tatu ulikuwa na rangi ya embe bivu, na moshi wa mapishi ya jioni umesimama juu yake.

"Sasa amerudi," akasema polepole. "Makame. Kwa hiyo wewe waweza kutoka."

"Mimi sijasema."

"Unataka kumfuata."

"Nani? Makame?" Kazija akacheka kwa puani. "Akae huko huko na jioni yake. Mimi nataka kuona kivuli changu."

"Kivuli?"

"Nimezaliwa hapa. Wageni wote wanakitaja. Kikoje?"

Mzee Ngwali akafungua mdomo amwambie, akakuta hajui. Miaka yote alitembea nacho, hakuwahi kukitazama. "Kinakufuata," akasema.

"Kama mume?"

"Hapana. Chenyewe kinafuata kweli."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kile ndicho kilichomzindua. Nimechekeshwa, akajiambia. Nimewekewa kigoda. Kiatu kiliwekwa nikione, nami nikakiona. Shaame anapita hapa kila safari. Huyu hakushangaa. Nani na nani wana shauri moja, na tangu lini? Akautundika mfuko begani.

"Binti yangu, mimi nina safari yangu. Nimeianza zamani kuliko moto wako."

"Nenda, mzee wangu. Nani amekushika?"

Alitoka. Hakugeuka. Lakini nyuma yake alisikia mlango ukifunguliwa tena, na hatua za mtu anayetembea kwa kiatu kimoja: tap, kimya, tap, kimya.

Gatini Shaame alikuwa anafungua kamba. "Ya mwisho hii!" akaita. "Nikiingia jioni sirudi mpaka safari ianze tena kule asubuhi!"

Bi Mwatime akajitanda mbele ya daraja la pantoni, mikono kiunoni. Akamtazama Mzee Ngwali, akamtazama Kazija aliyefika, ambaye alikuwa ameshainama na kuweka juu ya jiwe ndala aliyokuja nayo mkononi, imeelekea majini.

"Shemeji, wapi?"

"Natoka."

"Na mkeo anatoka. Nyumba moja? Haiwezekani. Mmoja apande, mmoja akachochee moto. Haya, semezaneni."

Kazija hakumsihi. Alisogea karibu, akanong'ona: "Ukikitoa kilichomo kwenye mfuko wako, mimi nitarudi jikoni. Sitakulaumu."

"Umejuaje kuna kitu?"

"Unanuka mpira kuliko wa kiatu kimoja, mzee wangu. Nyumba nzima ilinuka tairi."

Basi njia ilikuwa wazi. Aitoe katambuga, aiinue juu, aseme: huu ndio mguu wangu, lile kubadhi niliokota. Watamwita mwizi. Watamrusha kwenye pantoni ile ile anayoitaka. Aibu yenyewe ndiyo ingekuwa tiketi yake. Atafika jioni, atakanyaga gati, atajua: siku inapita, au sisi. Mkono wake ukaingia mfukoni. Ukaupata mpira, joto lake, mikato yake.

Wakati huo Kazija, labda kwa kuchoka kusubiri, labda kwa hila, Mzee Ngwali hatalijua hilo maisha yake yote, alinyoosha mguu wake ule wazi akaugusisha ubao wa daraja. Mguu mmoja tu. Pantoni ilikuwa imeshaelekeza pua yake kwenye jioni. Na pale kwenye ubao, pembeni ya kisigino chake, ukatokea uzi mwembamba mweusi.

Kazija akauona. Akainua kidole gumba cha mguu, uzi ukainuka. Akakishusha, ukashuka. Akatoa sauti ambayo si kicheko wala si kilio, sauti ya mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni, akaziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

Mzee Ngwali alikuwa amezunguka dunia akimshuku kila aliyenyoosha mkono. Alijua kukwepa chai yenye maneno, kigoda chenye masharti, tabasamu lenye mlango nyuma yake. Hakuwa amejifunza kukwepa kile. Huenda ni mtego, akajiambia. Ni mtego hakika. Lakini ule uzi mweusi, nani kautega? Nikiitoa katambuga humu mfukoni, uzi ule utafutika, nami nitakuwa ndiye brashi.

Akautoa mkono mtupu.

"Bi Mwatime," akasema, "nipe viatu vyangu."

Akapewa, akavua katambuga ya kushoto, akavivaa, kimoja, kingine. Vilimkaa kana kwamba ngozi ilikatwa kwa mguu wake, na jambo hilo likamtia shaka kuliko yote ya siku ile. "Mke wangu anatoka," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mkaanga samaki. "Chungu nitakitazama mimi."

"Hapo sawa," Bi Mwatime akasema, akapisha.

Kazija akapanda. Shaame alimnyooshea mkono kama mtu anayempokea abiria ambaye alikwisha kumwekea nafasi. Pantoni ikaondoka. Kazija hakupunga mkono. Alikuwa ameinama, anatazama sakafu, anazunguka polepole, na kile cheusi kinarefuka miguuni pake mpaka kikafika kwenye benchi la nyuma.

Mzee Ngwali akabaki amesimama juu ya gati la mji usio wake, kwa jina lisilo lake. Hakuna gati la jioni. Hakuna jibu. Alijisikia mjinga, kisha akajisikia mchovu, na uchovu ule ulikuwa mgeni, kwa sababu maisha yake yote alipochoka aliendelea kutembea. Safari hii akakaa. Juu ya jiwe, katikati ya viatu, akakaa.

"Shemeji," Bi Mwatime akaita. Sauti yake ya mnada ilikuwa imepungua. "Shemeji, hicho nini?"

"Kipi?"

"Hicho. Kimetoka chini yako."

Alitazama. Kwenye mawe ya gati, upande wa mji wa asubuhi, kulikuwa na doa jeusi la upana wa kiganja. Wakalitazama wote wawili. Likasogea. Nyuma yao, juu mjini, kwa mara ya kwanza, kifuniko cha chungu fulani kilianza kugongagonga, na mkaanga samaki akasema, kwa mshangao wa mtu aliyefumaniwa, "Ameiva!"

"Ni jioni hiyo, mama," Mzee Ngwali akasema. "Mimi nimekaa, yenyewe inakuja."

Bi Mwatime akarudi hatua moja. Akajikaza. Akashika kiuno, maana kazi ni kazi na gati ni lake.

"Kama inaingia," akasema, "basi iache kiatu."

Mzee Ngwali akainama mpaka karibu na mawe, akalitazama lile doa kwa shaka, likirefuka, likipata kichwa, likipata mabega, likipata miguu. Miguu haikuwa na kiatu hata kimoja.